Niliagiza Zulia

Nilimwagiza mume wangu zulia. Kitu cha manyoya, kinakunjwa, kinafungwa kamba, kinaletwa nyumbani, kinatandazwa, watu wanakaa. Mume wangu ni dereva wa lori. Anapeleka mahindi Dar es Salaam na kurudi na bidhaa za wenye maduka, kwa hiyo sijui katika mkoa huu mzima kama kuna mtu aliye na nafasi nzuri ya kununua zulia kumshinda yeye. Akarudi na maboksi kumi na moja ya mbao.

"Hizi ni nini?" nilimuuliza hata lori hajalizima.

"Sakafu." Uso wake ulikuwa unang'aa kama wa bwana harusi. "Sakafu ya kisasa, mama mtoto. Haipigiliwi misumari, haigundishwi. Inaelea."

"Inaelea juu ya nini?"

"Juu ya simenti."

"Mimi niliagiza zulia."

"Zulia linashika vumbi. Hii ni kufuta tu."

Nilimwangalia mpaka akaanza kushusha maboksi bila kuambiwa.

Asiyewahi kuishi Sumbawanga mwezi wa sita asije kunifundisha habari za baridi. Hapa asubuhi mtu anavaa sweta, juu ya sweta koti, juu ya koti kitenge, na bado anaongea huku meno yanagongana. Na nyumba yetu sakafu ni simenti tupu, ile ya rangi ya majivu, inayonyonya joto la mtu kama kupe. Mimi mtu mzima nilikuwa natembea sebuleni kwa soksi mbili. Mwanangu alikuwa na miezi tisa na alikuwa ameamua kutambaa. Ukimweka kwenye mkeka anautambaa mkeka wote kwa dakika moja, anatoka, anafika kwenye simenti, anaishika kwa viganja vyote viwili kama anaipima homa. Jioni kifua kinaanza. Nimempeleka zahanati mara mbili, na mara zote mbili muuguzi aliniambia mtoto asikae kwenye sakafu baridi, kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma huko.

Kikohozi hicho kilisikika mpaka Kipili. Mama mkwe wangu anakaa huko, ziwani, na siku moja alipiga simu akamsikia mtoto anakohoa nyuma yangu. Hakunisalimia tena. Alisema, "Jumatatu ya wiki ijayo nakuja. Nikikuta mjukuu wangu bado anatambaa kwenye simenti, Jumanne naondoka naye. Atakaa huku kwenye joto mpaka baridi iishe."

"Mama, bado ananyonya."

"Ameshaanza uji. Huku samaki hawajatuishia."

"Ni mpaka baridi iishe tu?"

"Wiki mbili, tatu."

Sasa hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu wifi yangu naye alimpeleka mtoto wake Kipili wiki mbili, apone kifua. Mtoto huyo sasa yuko darasa la tatu huko huko Kipili, anaogelea kama sato, na mama yake akienda kumwona anaitwa shangazi. Simsemi vibaya mama mkwe. Ni mwanamke mwenye upendo. Ila upendo wake ukishakamata kitu haukiachii.

Kwa hiyo nilihitaji sakafu yenye joto kabla ya Jumatatu ile. Ndiyo maana niliagiza zulia.

Mume wangu alilala siku moja, akapakia mahindi, akaondoka. Aliniachia maboksi, bunda la sponji nyembamba ya kutandika chini, bunda la nailoni, na maneno haya: "Tafuta fundi, ni kazi ya saa mbili." Nilitafuta fundi. Akaja fundi wa vigae, akafungua boksi moja, akakigeuza kibao, akakinusa. Wallahi alikinusa. Kisha akaniambia nikanunue misumari ya zege.

"Lakini haipigiliwi."

"Dada, kitu kisichopigiliwa kitakaaje?"

Nilimfungulia mlango akaondoka. Nikasema basi, nitafanya mwenyewe. Nina cheti cha kidato cha nne, nina simu, na nina hasira. Watu wamejenga magorofa kwa vichache kuliko hivyo.

Kwenye simu nilimpata mzungu mmoja mwenye suruali ya mifuko mingi anayetandika chumba kizima kwa dakika kumi na mbili huku anapiga mluzi. Nilimwangalia mpaka kifurushi kikaisha. Nilichoelewa ni hiki: unatandika nailoni ili unyevu wa simenti usipande, juu yake sponji, juu ya sponji vibao. Kila kibao kina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili. Unaingiza ulimi wa hiki kwenye mfereji wa kile kwa kukiinamisha, unakilaza, kinasema "tak", vimeshikana. Viungo vinapishana kama matofali. Na kuzunguka chumba chote, kati ya sakafu na ukuta, unaacha nafasi ya upana wa kidole. Halafu nafasi hiyo inafichwa na ubao mwembamba unaozungushwa chini ya ukuta, ambao mafundi wa kwetu wanauita skating.

Nilihesabu maboksi. Skating haikuwemo. Nikapiga simu.

"Ilikuwa inauzwa mbali na zile," mume wangu akasema. "Ni urembo tu."

Nikamwita mama yangu kutoka Mwimbi aje anishikie mtoto. Alifika Jumanne asubuhi na basi, kichwani amebeba kiroba. Nilidhani ni unga wa ulezi. Nikamtua, mikono ikashuka mpaka chini kwa uzito.

"Mama, umebeba mawe?"

"Udongo wa kichuguu. Si umesema unatengeneza sakafu?"

"Mama, hii ni sakafu ya mbao."

"Nimekusikia. Na udongo utahitajika." Akamchukua mtoto, akaenda naye jikoni kwenye jiko la mkaa, wakaanza kuongea Kifipa, yule mmoja kwa maneno na yule mwingine kwa mate.

Nilihamisha makochi yote uani. Nilifunga mlango wa sebule ili mtoto asiniingilie, nikaanzia hapo hapo mlangoni. Safu ya kwanza ilinichukua asubuhi nzima. Mzungu alikata kibao kwa mashine, mimi nilikata kwa msumeno wa kuazima kwa jirani, uliokuwa umekata miti ya uzio tangu sijaja mtaa huu. Kibao cha kwanza nilikikata upande usio sahihi. Cha pili nilikikata upande sahihi, lakini nilipimia kile cha kwanza. Cha tatu kiliingia. Nilipokisikia kinasema "tak", jamani, sijui nieleze vipi. Nilikitoa nikakiingiza tena ili nisikie mara ya pili.

Mpaka mchana nilikuwa na safu nne, magoti yanawaka moto, na mtoto akaanza kulia nje, kile kilio cha ziwa. Nikaenda kufungua mlango. Mlango ulifunguka upana wa unywele, ukagonga ukingo wa sakafu yangu mpya, ukagoma. Nikavuta. Ukagoma. Mlango unafungukia ndani, na ndani sasa sakafu imepanda juu kuliko ilivyokuwa. Nilikuwa nimejifungia kwa mbao.

"Mama!"

"Nini? Mtoto analia."

"Mlango haufunguki."

"Unafungukia wapi?"

"Ndani."

"Na wewe umeweka nini ndani?"

"Sakafu."

Nikasikia anacheka. Alicheka mpaka mtoto akanyamaza kumsikiliza. Kisha akazunguka mpaka dirishani, na kwa kuwa dirisha lina nondo, akamwinua mtoto, akamwegemeza kwenye nondo, na mimi nikanyonyesha kutokea ndani kama mfungwa aliyetembelewa. Jirani yetu mmoja alipita na ndoo ya maji, akasimama.

"Habari za hapo?"

"Nzuri," mama akajibu. "Tunajenga."

Kubomoa safu nne nilikataa. Nilichukua msumari na nyundo, nikagonga pini za bawaba zikatoka moja moja, nikauegesha mlango ukutani, nikatoka. Kisha nikaulaza uani ili niukate chini kidogo. Upana wa kidole ulitosha. Nilikata vidole viwili, kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na mtu aliyekasirika asipewe msumeno. Niliporudisha mlango, ulifunguka vizuri sana, na chini yake upepo wa Sumbawanga ulikuwa unaingia wima bila kuinama.

Jumatano na Alhamisi niliendelea. Sitadanganya kwamba ilikwenda vibaya. Kufikia Alhamisi alasiri chumba chote kilikuwa cha rangi ya asali, na nilipoweka kiganja juu yake haikuwa baridi. Nilikwenda kwenye korido, nikaweka kiganja kwenye simenti, nikarudi. Nikaenda tena. Tofauti ilikuwa kama ya kumshika mtu na kumshika marehemu. Nikamleta mtoto, nikamweka katikati. Alipiga kofi moja kwenye mbao akasikiliza mlio wake. Akapiga la pili. Kisha akatambaa mpaka ukutani, akafika kwenye ile nafasi ya kidole, akaingiza mkono, akachomoa mende aliyekufa.

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni. Alimnyang'anya mende, kisha akainama, akaitazama ile nafasi inavyozunguka chumba chote, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeona nguo ya ndani ya mkwewe.

"Hapa hujamaliza," akasema.

"Ndivyo inavyoachwa, mama. Mzungu amesema."

"Mzungu huyo ana panya?"

Nilimpokea mende nikaenda kumtupa.

Ili mtu aelewe kilichofuata ni lazima ajue nilivyolelewa. Kwetu Mwimbi mwanamke anajulikana kwa kona zake. Katikati ya nyumba kila mtu anaweza kusiriba, hata mwanamume. Ila pale sakafu inapokutana na ukuta, hapo ndipo wanapoangalia wanawake wenzako wakija msibani. Pakiwa na ufa wa kupitisha siafu, watasema. Wanakula ugali wako, wanakunywa chai yako, wanakwenda kusema. Mama yangu alinifundisha kusukuma udongo kwa kidole gumba mpaka kona iwe duara kama ndani ya chungu, kisha kuisugua kwa jiwe la mtoni mpaka ing'ae. Nilichapwa kwa ajili ya kona. Halafu eti leo niache mfereji mzima sebuleni kwangu, siku chache kabla mama mkwe hajaja?

Tulikanda ule udongo wa kichuguu na majivu. Ijumaa nzima tulipiga magoti, yeye ukuta huu, mimi ukuta ule, tukashindilia mpaka udongo ukajaa na kupanda kidogo ukutani. Tulisugua kwa mawe. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Ukingo mweusi kuzunguka asali. Mama alisimama akafuta mikono.

"Skating," akasema, neno alilolisikia kwangu mara moja tu.

Sasa, kidato cha pili mwalimu wa fizikia alituchorea reli ubaoni, akatuonyesha nafasi zinazoachwa kati ya chuma na chuma, kwa sababu kitu kikitanuka lazima kiwe na pa kutanukia. Nilikariri yote kwa Kiingereza, neno kwa neno, nikapata vema zote. Haikuwahi kunijia kwamba ni jambo la kweli. Sumbawanga hakuna hata reli.

Jumamosi nikaamka, nikafagia, nikapiga deki. Nitajibu nini nikiulizwa kwa nini? Nyumba inaamka, inafagiliwa, inapigwa deki, ndipo chai inawekwa. Sijui namna nyingine ya kuanza siku. Ndoo nzima, sabuni ya unga, tambara zito. Ndivyo nilivyofanya, na kwa furaha maana sakafu ilikuwa mpya. Maji hayakukauka upesi kama kwenye simenti. Yalisimama yakang'aa, yakizuiwa na ule ukingo wa kichuguu kama tuta linavyozuia maji shambani, kisha yakaingia taratibu kwenye viungo. Nikaona ni sakafu yenye adabu, inakunywa maji yake yenyewe. Jumapili nikarudia kabla ya misa. Jumatatu, kwa kuwa mgeni anakuja, nilipiga deki mara mbili.

Saa nne asubuhi nilikuwa jikoni nikasikia kitu kinalia sebuleni, "krrr", kama mtu anayejinyoosha. Nikaenda. Katikati ya chumba sakafu ilikuwa imeinuka. Sisemi imefura. Imeinuka kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, kutoka dirishani mpaka karibu na mlango. Nikaukanyaga upande huu, ukatokeza upande ule.

Nilimpigia mume wangu. Alikuwa Mbeya anapakia.

"Sakafu imeinuka," nikamwambia.

"Imeinuka vipi?"

"Imeinuka yenyewe."

Akashusha sauti. "Usimwambie mtu yeyote. Unajua watu wa Sumbawanga tunavyosemwa uchawi huku njiani."

Nilikata simu. Basi la kutoka upande wa Namanyere, ambalo lingemleta mama mkwe, huingia saa nane. Mama yangu na mimi tulijaribu kila kitu. Tulisimama wote wawili juu ya nundu na mtoto mgongoni. Tuliweka kiroba cha mahindi, kikaserereka. Mwisho tukarudisha makochi, lile kubwa la watu watatu tukaliweka juu ya nundu yenyewe, tukatandika mikeka pembeni, tukaweka vitambaa, nikavaa gauni la kwenda kanisani.

Mama mkwe alifika na tenga la migebuka mikavu, samaki wa ziwani kwao, na begani amekunja beleko mpya ya kubebea mtoto, nyekundu, bado ina harufu ya dukani. Niliiona ile beleko kabla sijauona uso wake. Ilikuwa imenunuliwa kwa safari ya Jumanne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto yuko wapi?" Akamchukua, akamgeuza, akaweka sikio mgongoni pake kama daktari. Kisha akatazama chini. "Mmefanya sakafu."

"Tumefanya, mama. Ya mbao. Ina joto."

"Hm." Akavua kandambili, akakanyaga. Nikaona vidole vya miguu vinaisikiliza. Nikamkaribisha kochi dogo, akachagua kubwa. Wageni wote huchagua kubwa. Akaketi na mjukuu mapajani, na kochi likainama upande wa kushoto, likafikiri, likarudi kulia.

Mama yangu alikuwa anaangalia dari.

"Mwanangu," mama mkwe akasema akiwa ameshika mkono wa kochi, "nimeshuka kwenye boti jana. Mbona bado nayumba?"

"Ni kochi, mama. Miguu imechoka."

"Miguu ya kochi naijua." Akaegemea kulia, tukasikia "krrr". Akasimama, akanipa mtoto. Akalisukuma kochi kwa mkono mmoja, na nundu yangu ikaonekana yote, iking'aa kwa deki.

Nilitamani simenti ipasuke inimeze, ila ilikuwa imefunikwa. Nilianza kueleza, nikasikia sauti yangu inapanda: nikamwambia habari za zulia, za maboksi, za mzungu, za mlango, nikamwambia kwamba nimepiga magoti siku nne na kwamba mtoto wangu haendi popote. Nilisema hivyo hivyo, kwa mama mkwe, nikiwa nimevaa gauni la kanisani: "Haendi popote." Mama yangu alinifinya. Sikunyamaza mpaka pumzi iliponiishia.

Mama mkwe hakuwa ananiangalia. Alikuwa amechuchumaa kwenye nundu, anapitisha kucha kwenye viungo vya vibao, ambavyo kingo zake zilikuwa zimevimba kama midomo ya mtu aliyeumwa na nyuki.

"Umeinywesha," akasema.

"Nimepiga deki."

"Ndoo ngapi?"

"Jumla?"

Alifumba macho. Kisha akasogea mpaka ukutani akauona ule ukingo wa kichuguu, akaugonga kwa kidole. "Hapa amesiriba nani?"

"Mimi," mama yangu akasema, kidevu juu.

"Imetoka vizuri sana, mkwe."

"Asante, mkwe."

"Sasa itoke."

"Itoke wapi?"

"Yote. Ukuta huu na ule."

Mama yangu akaweka mikono kiunoni. "Mkwe, mimi nasiriba sakafu tangu sijavunja ungo. Ninyi huko ziwani mnalala kwenye mchanga. Sakafu mmeijulia wapi?"

"Mchanga wetu una joto. Ndiyo maana wajukuu wangu wa huko hawakohoi."

Hapo nikamkumbatia mtoto mpaka akalalamika.

"Tusifike huko," mama mkwe akasema, akashusha sauti. "Sikiliza. Marehemu mzee wangu alikuwa akitengeneza maboti, unajua. Boti ikikaa juani mbao zinasinyaa, inavuja. Anaizamisha ufukweni siku mbili. Mbao zinakunywa, zinavimba, zinajibana zenyewe, hata maji ya kuoshea uso hayapiti. Mbao ikinywa lazima iende mahali. Hii yenu mmeinywesha kama boti, halafu imekwenda kushoto, imekuta udongo. Imekwenda kulia, imekuta udongo. Ungekuwa wewe ungekwenda wapi?"

Mama yangu aliitazama nundu. "Juu," akasema.

Akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na visu vitatu.

Udongo wa kichuguu ukishakauka na majivu si kitu cha mchezo. Tulipiga magoti wanawake watatu, tukakwangua, na kila bonge lililokataa kutoka mama yangu alikuwa anasema, "Mnaona ulivyoshika? Mnaona?" akilipiga kisu huku analisifu. Mama mkwe alimwambia angekuwa ziwani angeziba maboti yote ya Kipili na wavuvi wangemlipa kwa kuku. Mama yangu akasema kuku wanatoka Mwimbi, walipe kwa samaki. Walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakwangua na kuihesabu ile beleko nyekundu iliyowekwa juu ya tenga, mara ngapi imekunjwa.

Tulipomaliza ukuta mrefu wa upande wa dirisha, sakafu ilisema "tuuu!" kwa mlio mmoja mkubwa, na nundu ikashuka nusu yake kama mtu aliyeambiwa aketi. Mtoto alishtuka, akakunja uso kulia, akaghairi, akapiga kofi.

Ilishuka kidogo kidogo alasiri ile yote. Haikurudi kama ilivyokuwa. Mpaka leo katikati pana tumbo, na kingo za vibao kadhaa zimebaki zimetuna, ukipita gizani zinakuuma dole gumba. Lakini ni sakafu. Mama mkwe alimweka mtoto juu yake, akachuchumaa mbele yake, akasubiri. Mtoto akatambaa. Akifika kwenye kiungo kilichotuna, anasimama, anakipapasa, anakivuka, anacheka kana kwamba amepanda mlima. Mama mkwe akaweka kiganja chake kwenye mbao alipopita mtoto, akakiacha hapo kwa muda mrefu. Akaenda kwenye korido akaweka kiganja kwenye simenti. Akarudi.

Mtoto akakohoa.

Kikohozi kimoja, kidogo, kikavu. Sisi wote watatu tulitulia kama tumeitwa na polisi. Mama mkwe akageuza kichwa taratibu, akapima upepo kwa shavu kama wafanyavyo wavuvi, akautazama mlango. Chini yake pale nilipokata vidole viwili palikuwa panaingiza baridi ya jioni kama bomba.

"Huu mlango amekata nani?"

"Mimi, mama."

"Ulikuwa umekasirika."

"Ndiyo, mama."

Akaenda kwenye tenga, akaichukua ile beleko nyekundu, akaikunjua. Nilimwona anaikunjua na mikono yangu ikaenda yenyewe kwa mtoto. Lakini aliikunja upya, kwa urefu, akaizungusha ikawa nene kama mkono, akapiga magoti mlangoni akaishindilia chini ya mlango kwa vidole gumba, mwanzo mpaka mwisho. Hakuacha hata ufa wa siafu. Mama yangu, aliyejua kazi nzuri akiiona, alitikisa kichwa kwa heshima.

"Nitakaa wiki mbili," mama mkwe akasema akijifuta magoti. "Nione kifua chake. Na hiyo ndoo nisiione humu ndani. Tambara lililokamuliwa, basi. Hii ni kufuta tu."

Wiki mbili za mama mkwe nazijua zilivyo. Nilikaa chini sakafuni, magoti yakalia, nikampa mtoto ziwa.

Akaketi kwenye kochi kubwa, likainama kidogo tu, akanitazama. "Lakini mwanangu, kuna jambo sijalielewa. Mateso yote haya ya nini? Kwa nini hamkununua zulia?"

Nilichukua simu. Nikampigia mwanawe, na ilipoita mara ya pili nikamkabidhi mama yake. Kisha nikalala chali kwenye mbao, mtoto juu ya tumbo langu, mgongo wangu una joto, nikamsikiliza mume wangu kutoka Mbeya akisema, "Shikamoo, mama," na baada ya hapo hakupata tena nafasi ya kusema lolote.